Tiketi Iko Kwa Simu, Simu Imezima: Kutoka Machakos Hadi Treni ya Kasi ya Dodoma



Mwaka jana mama mmoja anayeuza matunda kutoka Mua alikuja kwa meza yetu ya huduma hapa Machakos. Sisi tunamwita Mwaitu, kama tunavyomwita huku Ukambani mama yeyote aliyetuzidi umri. Hakuwa amepoteza laini wala kusahau PIN. Alifungua daftari lake la mauzo, akatoa kadi ya mwaliko iliyokunjwa mara nne. Mjukuu wake alikuwa anahitimu Chuo Kikuu cha Dodoma, Tanzania.

"Wanangu," akasema, "huyu mtoto nimemlipia karo kwa simu, plamu kwa plamu, mpaka amemaliza. Sasa nataka kumwona na lile joho kwa macho yangu. Nifike vipi? Na nisiibiwe njiani."

Mmoja wetu ni mpwa wake, na mwingine alikuwa na siku za likizo. Tukaamua kumsindikiza. Safari yenyewe tuliipanga hivi: Madaraka Express kutoka Syokimau hadi Mombasa, basi kuvuka mpaka wa Lunga Lunga hadi Dar es Salaam, kisha treni ya umeme ya Tanzania hadi Dodoma. Treni mbili na mpaka mmoja.

Sisi ndio tunaofundisha watu kulipa kwa simu. Tulidhani tunajua kila kitu. Mbele ya mlango wa stesheni ya Dar tuligundua kwamba kulipa ndiyo sehemu rahisi. Kulipa ni dakika moja. Stesheni kubwa inataka uthibitishe kwamba ulilipa, kwamba aliyelipiwa ni wewe, na kwamba umefika kwa wakati. Ukianza kutafuta ushahidi huo ukiwa tayari kwenye foleni, umechelewa. Makala haya ni ya kukuepusha na jasho tulilotokwa siku ile.

Reli iliyotupita kando

Watu wa Machakos na treni wana hadithi ndefu. Wakamba husimulia juu ya Syokimau, mwanamke mwonaji aliyeishi kabla ya wakoloni kufika bara, aliyetabiri kwamba joka refu litatoka kwenye maji ya upande mmoja na kwenda hadi maji ya upande mwingine, likitema moto na moshi. Joka hilo lilikuja kweli. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi 1899, na Kisumu kwenye ziwa 1901.

Lakini Machakos, iliyokuwa kituo cha utawala cha bara wakati huo, reli iliipita kando kwenye nyanda za Athi. Mwaka huohuo wa 1899 makao ya utawala yakahamishiwa Nairobi. Ndiyo maana mpaka leo mtu wa Machakos akitaka treni lazima kwanza apande matatu.

Mwaitu alitusimulia hayo yote kabla hatujafika Kyumvi. "Nyanya zetu walilionja lile joka kwa ndoto," akasema. "Mimi nalipanda na tiketi."

Syokimau ziko mbili

Hapa ndipo wasafiri wengi wa kwetu hukosea, na hukosea kabla hawajaona treni. Ukimwambia mtu wa boda "nipeleke stesheni ya Syokimau," anaweza kukupeleka mahali pawili tofauti.

Kuna stesheni ya Syokimau iliyofunguliwa Novemba 2012, ya treni za abiria wa kila siku wanaoingia mjini Nairobi. Na kuna Nairobi Terminus, stesheni kubwa ya SGR, ambako Madaraka Express ilianza kubeba abiria tarehe 1 Juni 2017. Zote ziko eneo moja, lakini si mlango mmoja. Ukishushwa ile ya kwanza na mizigo, dakika ishirini tu kabla ya treni, utajua umbali ni nini.

Kwa hiyo usiseme "Syokimau" peke yake. Sema "SGR, Nairobi Terminus." Na kama tiketi yako inasema Athi River, basi nenda Athi River. Stesheni hiyo iko kwenye kaunti yetu, lakini si kila treni husimama pale. Ni ile inayosimama vituo vya njiani tu. Soma jina la kituo cha kupandia kwenye tiketi kama unavyosoma jina la mtu kabla ya kumtumia pesa.

Shule ya bure iko hapa nyumbani

Tunapendekeza hivi: kama unapanga kupanda treni ya kasi nchi ya watu, jifunze kwanza Syokimau. Stesheni kubwa zote zinafanana tabia.

Tiketi ya Madaraka Express tuliikata siku kadhaa mapema kwa kupiga *639#. Unachagua unakotoka, unakokwenda, tarehe na daraja, unaandika jina na nambari ya kitambulisho, kisha unalipa kwa simu. Tangu Januari 2024 nauli ya Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Ukiona mtu anakuuzia kwa bei nyingine kando ya barabara, huyo hauzi tiketi, anauza matatizo.

Stesheni yenyewe ina hatua zake, na kila hatua inakula dakika:

Kwanza, mizigo. Mnaambiwa mpange mabegi yenu chini kwa mstari mkae kando, mbwa wa usalama wapite wakiyanusa. Usiogope, na usiende kuchukua begi lako kabla ya kuambiwa. Baada ya hapo begi linapita kwenye mashine ya ukaguzi.

Pili, tiketi. Meseji uliyoletewa ina nambari ya kuchapishia. Unaiingiza kwenye mashine au unaenda dirishani, unapata karatasi. Foleni hapa ndiyo inayoshangaza watu siku za sikukuu.

Tatu, kitambulisho. Jina na nambari kwenye tiketi vinalinganishwa na kile ulichoshika mkononi. Si picha ya kitambulisho, ni kitambulisho chenyewe.

Nne, ukumbi wa kungojea, ngazi za umeme, kisha behewa na kiti chako. Mwaitu alisimama mbele ya ngazi za umeme akazitazama kama mtu anayengoja mto upungue. Tukamwonyesha lifti. Hakuna aibu kuuliza lifti iko wapi.

Hesabu hatua hizo nne, halafu fikiria umefika dakika ishirini kabla. Haitoshi. Sisi tulifika saa moja na nusu kabla, na tulipoketi hatukuwa na muda mwingi wa kupiga soga.

Jambo la tano ni saa yenyewe. Tiketi inaandika 15:00, midomo inasema saa tisa alasiri, na kijana aliyezoea Kiingereza anakuambia "three." Mzee anayesikia "tatu" anaweza kudhani ni saa tatu, akafika asubuhi, na huyo ana bahati. Mwenye treni ya 09:00 akidhani ni saa tisa atafika alasiri na kukuta reli tupu. Ukikata tiketi ya mzazi, mwandikie saa kwa Kiswahili: "Saa tisa mchana, ufike saa saba na nusu."

Ukivuka mpaka, laini yako ni mgeni

Kwenda Tanzania, kitambulisho cha taifa peke yake hakitoshi. Beba pasipoti, na ile kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mwaitu alipata pasipoti yake ya kwanza maishani kwa ajili ya safari hii. Picha aliyopigwa hakuipenda mpaka leo.

Upande wa pesa, kumbuka mambo haya.

Wakala wa Tanzania hawezi kukutolea pesa kwenye laini ya Kenya kama anavyofanya wakala wa pale Machakos Junction. Hata kama rangi ya kibanda na jina la huduma vinafanana na vya kwetu, ni mtandao wa nchi nyingine. Unaweza kutuma pesa kutoka laini ya Kenya kwenda laini ya Tanzania, kwa huduma ya kutuma nje ya nchi. Kabla ya kukubali, soma mambo matatu kwenye skrini: jina la mpokeaji, kiasi kitakachofika kwa shilingi za Tanzania, na makato.

Sifuri ni nyingi. Shilingi moja ya Kenya ni kama shilingi ishirini za Tanzania, na kiwango hupanda na kushuka. Elfu kumi ya Dar si elfu kumi ya Machakos. Mwaitu aliandika kwenye jalada la daftari lake: "Ondoa sifuri moja, gawa kwa mbili." Kwa hiyo chakula cha 6,000 kinakuwa 600, kisha 300. Hesabu hiyo ilimwokoa Kariakoo mara kadhaa.

Laini ya Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole, na mgeni hutumia pasipoti yake. Sajili mahali panapojulikana, kwa jina lako mwenyewe. Usikubali mtu "akusaidie" laini iliyokwisha kusajiliwa. Pesa ukiweka humo, mwenyewe kisheria ni yule ambaye jina lake limesajiliwa.

Mwaitu ana simu ya kabambe, yenye nafasi ya laini moja. Alipopata laini ya Tanzania, tulitoa ile ya Kenya, akaifunga kwenye pembe ya leso pamoja na noti zake. Kumbuka hiyo leso. Tutairudia.

Magufuli wawili

Treni ya umeme ya Tanzania ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua rasmi tarehe 1 Agosti 2024. Kasi yake ya juu ni kilomita 160 kwa saa. Madaraka yetu hufika 120. Nauli iliyotangazwa wakati inaanza ilikuwa shilingi 13,000 za Tanzania hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma, kwa daraja la kawaida. Ondoa sifuri, gawa kwa mbili: Dodoma ni kama 1,550 za kwetu. Mwaitu akashangaa. "Ni kama ya Mombasa!"

Kuna pia treni nyingine yenye pua iliyochongoka, ambayo watu wa huko wameipa jina la Mchongoko. Hiyo ilianza Novemba 2024. Ukikata tiketi angalia ni treni gani, maana saa na nauli zinaweza kutofautiana.

Sasa, jengo la Dar. Stesheni hiyo iko katikati ya jiji, jengo refu la vioo lililobuniwa kwa umbo la jiwe la tanzanaiti. Huwezi kulikosa kwa macho. Lakini unaweza kulikosa kwa jina, na hapa sikiliza vizuri.

Stesheni ya SGR ya Dar imepewa jina la hayati Rais John Magufuli. Lakini stendi kuu ya mabasi ya mikoani, iliyoko Mbezi Luis nje kabisa ya katikati ya jiji, nayo inaitwa Magufuli. Juu ya hapo kuna stesheni ya TAZARA, ya treni ziendazo Zambia, kwenye barabara ya Nyerere, na kuna ile ya reli ya zamani ya kati. Ukimwambia dereva wa bajaji "nipeleke Magufuli," au "nipeleke stesheni," umemwachia yeye aamue safari yako.

Ni Syokimau mbili tena, ila safari hii ni kwenye jiji usilolijua na foleni usizozijua. Sema: "Stesheni ya SGR, mjini." Kama unaita gari kwa programu ya simu, soma anwani yote kabla ya kubonyeza. Kumtumia pesa mtu kwa jina la kwanza peke yake hujawahi kufanya. Hata stesheni usiifanyie hivyo.

Hapo ndipo tulipochemka

Tiketi za Dodoma tulizikata jioni tuliyofika Dar, siku mbili kabla ya safari. Kwenye tovuti ya Shirika la Reli Tanzania unachagua treni na kiti, unaandika jina na nambari ya hati yako, kisha unapewa nambari ya kumbukumbu ya malipo. Watanzania wengi huiita kontrol namba. Ni kama akaunti ya paybill iliyotengenezwa kwa ajili ya malipo yako tu. Unaingia kwenye pochi ya simu, iwe M-Pesa ya Vodacom, Mixx by Yas iliyokuwa ikiitwa Tigo Pesa, Airtel Money au HaloPesa, unachagua malipo ya serikali, unaandika nambari hiyo, unalipa. Nambari ina muda wake wa kuishi, kwa hiyo usiikate usiku ukasema utalipa kesho.

Mpwa ana laini ya Tanzania, basi yeye ndiye aliyelipa. Tiketi ya Mwaitu tuliikata peke yake, kwa sababu alitaka kiti cha dirishani. Fomu ikaomba nambari ya simu ya abiria. Vidole vyetu, kwa mazoea ya miaka, vikaandika ile tunayoijua kwa moyo: laini yake ya Kenya. Ile iliyo kwenye leso.

Hatukugundua. Meseji ya malipo iliingia kwa simu ya mpwa, tukapongezana, tukaenda kula samaki.

Asubuhi ya safari tulifika mapema, tukiwa na furaha ya watoto. Mpwa alirekodi video ya jengo, ya ukumbi, ya Mwaitu akiwa amesimama chini ya vioo na kitenge chake kipya. Tulipofika kwenye ukaguzi, askari akasema kwa upole, "Mama, shikamoo. Tiketi na pasipoti."

Mwaitu akatutazama. Tukatazamana. Simu yake haikuwa na tiketi. Tukafungua leso, tukabadilisha laini, tukangoja. Laini ya Kenya haikuwa imewashiwa huduma ya kutumika nje ya nchi. Ikakaa bila mtandao, kimya kama jiwe. Mpwa akatoa simu yake atafute meseji ya malipo. Video zilikuwa zimemaliza chaji. Ikawaka, ikatuonyesha betri nyekundu, ikazima.

Nyuma yetu foleni ilikuwa ndefu. Tiketi zetu sisi wawili zilikuwa kwenye simu ya mwingine, salama. Ya mwenye safari ndiyo haikuonekana. Sherehe ilikuwa kesho yake asubuhi. Basi la kwenda Dodoma ni safari ya kutwa nzima, na miguu ya Mwaitu huvimba akikaa muda mrefu. Hicho ndicho kilichotufanya tuchague treni. Sisi, walimu wa malipo ya simu, tulisimama pale bila neno.

"Ngojeni," akasema Mwaitu.

Akafungua begi, akatoa daftari la mauzo. Ukurasa wa mwisho, chini ya "bajaji 5,000" na "maji 1,000," kulikuwa na mstari kwa mwandiko wake wa kuinama: "Treni Dodoma, 31,000," na mbele yake tarakimu zote za nambari ya malipo. Alikuwa ameinakili jioni ile kutoka kwa simu ya mpwa, wakati sisi tunapongezana. Hakuna aliyemwambia. Ni mazoea yake: pesa ikitoka, inaandikwa.

Tulielekezwa dirishani. Karani akaitafuta tiketi kwa ile nambari, akalinganisha jina na pasipoti, akamchapia karatasi. Ilichukua muda ambao ulituonekea mrefu kuliko ulivyokuwa. Tulipita tukiwa tunakimbia, isipokuwa Mwaitu, ambaye alitembea. "Nimelipa," akasema. "Nikimbie ya nini?"

Fanya haya kabla hujatoka nyumbani

Haya ndiyo tuliyoandika ndani ya treni, baada ya mapigo ya moyo kutulia:

1. Andika tarakimu kwenye karatasi. Nambari ya tiketi, nambari ya malipo, tarehe, saa na jina la stesheni. Karatasi haiishiwi na chaji.

2. Nambari ya simu kwenye tiketi iwe ya laini itakayokuwa ndani ya simu siku ya safari. Siyo ile unayoijua kwa moyo.

3. Hati moja, safari moja. Kama utashika pasipoti mlangoni, kata tiketi kwa nambari ya pasipoti. Kama ni Madaraka na kitambulisho, tumia kitambulisho. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye hati, si kama unavyoitwa nyumbani.

4. Usifute meseji ya malipo mpaka umefika uendako. Ipige picha ya skrini, umtumie pia mtu wa nyumbani. Akiwa Machakos anaweza kukusomea tarakimu kwa simu.

5. Kama unataka laini yako ya Kenya ifanye kazi nje, washa huduma hiyo kabla ya kuvuka mpaka, na uliza makato yake.

6. Chaji simu usiku. Ukiwa na pawabenki, ibebe kwenye begi la mkononi, si kwenye sanduku. Video za jengo zipige baada ya kupita mlango wa mwisho.

7. Pesa zisikae mahali pamoja. Kiasi kwenye simu, kiasi mfukoni, kidogo mahali pa siri. Leso ya Mwaitu si ushamba.

8. Ukikata tiketi ya mtu mwingine, mpe yeye ushahidi mkononi. Mzazi asitegemee simu yako.

Na wale wa mlangoni?

Mwaitu alitutaka tumsaidie asiibiwe, kwa hiyo hatuwezi kumaliza bila hili. Stesheni kubwa ina watu wengi wenye haraka, na mwenye haraka ni mawindo.

Anayekuambia treni imejaa lakini ana tiketi moja "ya mtu aliyeghairi," mpuuze. Tiketi ina jina. Ya mtu mwingine haitakupitisha. Nauli usiitume kwa nambari ya mtu binafsi hata kama amevaa fulana yenye picha ya treni. Unapolipa, jina linalotokea kabla ya PIN liwe la taasisi unayoilipa. Likitokea jina la mtu, bonyeza ghairi.

Mtu akikupigia ukiwa kwenye foleni na kusema ametuma pesa kwako kimakosa, usirudishe ukiwa umesimama na begi. Angalia salio lako kwanza, siyo meseji. Kama pesa imeingia kweli, mwambie apigie huduma kwa wateja, irudishwe kwa njia rasmi.

Anayejitolea kukusaidia kwenye mashine ya tiketi, msikilize, lakini simu ibaki mkononi mwako na PIN uibonyeze mwenyewe. Na ukituma mahali pasipo sahihi, piga simu huduma kwa wateja palepale. Kila dakika inampa mpokeaji nafasi ya kutoa.

Dirishani

Ukitoka Dar majengo yanapungua, halafu mashamba, halafu baada ya Morogoro milima na mahandaki. Mwaitu alikaa dirishani kama alivyotaka. Hakusema mengi. Nchi ilipoanza kukauka kuelekea Dodoma, mibuyu ikaanza kuonekana, akasema, "Hapa ni kama Kibwezi," na akaonekana kutulia, kama mtu aliyefika kwa jirani.

Mjukuu alikuwa anangoja nje ya stesheni ya Dodoma. Hatutasimulia walivyokumbatiana. Tutasema tu kwamba kesho yake, joho likiwa limevaliwa, Mwaitu alitoa daftari, akamwonyesha mjukuu kurasa za karo, muhula baada ya muhula, kila tarakimu mahali pake. Kisha akageuza ukurasa wa mwisho akaandika tarehe, na mbele yake: "Nimefika."

Tulipomuuliza kama tunaweza kuandika habari hii, alikubali kwa sharti moja: tuseme wazi kwamba waliosahau ni sisi. Tumesema.

Kama una safari ya treni karibuni, ndani au nje ya nchi, pitia kwa meza yetu ya huduma Machakos utuulize. Kumbuka pia kwamba hatutawahi kukupigia simu kukuuliza PIN yako, uwe nyumbani au uwe behewani.

Safari njema.